Saba, Hata Kwenye Ukungu

Same, 18 Februari 2024

Kwako shangazi Beatha,

Shikamoo. Natumaini huko Chile mmeamka salama, kama huwa mnalala, maana baba anasema kazi yako ni ya popo. Sisi huku wazima. Mvua za vuli zilitupita pembeni lakini tangawizi haijafa. Baba anakusalimu. Mama anakusalimu na anasema ule mtandio ulioutuma anauvaa kanisani tu. Bibi ndiye anayekusalimu kuliko wote.

Utashangaa kupata barua kutoka kwangu. Ukipiga simu kwenye kitochi cha bibi ukasema, "Nipe Kunda nimsalimie," mimi huwa nasema "salama" mara tatu halafu namrudishia bibi simu kama kaa la moto. Usidhani sikupendi. Kwenye simu najisikia nikipumua tu. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta. Isitoshe hapa shuleni simu hairuhusiwi, na sasa niko kidato cha tatu, sitafika nyumbani mpaka Juni.

Sababu yenyewe ni hii. Mwalimu Yahaya wa fizikia alituambia kuna galaksi zilizoacha kuzaa nyota. Nikanyoosha mkono, sijui nilipatwa na nini, nikasema shangazi yangu wa kijijini kwetu Mhezi anachunguza hizo hizo. Darasa zima likacheka. Rafiki yangu Simaloi, Mmasai wa huku tambarare ambaye tunalala naye kitanda cha juu na chini, akaleta ule utani wa ubahili wa Wapare, akasema, "Mpare anahesabu nyota? Anaogopa zitaibiwa." Mwalimu naye alicheka, ila akaniambia nikuulize: zinaachaje?

Ile kadi ya Krismasi yenye picha ya galaksi bibi ameihifadhi ndani ya Biblia. Aliipeleka mlangoni penye mwanga, akaigeuzageuza, akasema ni nzuri sana. Baadaye akaniuliza ni ya rangi gani.

Ni mimi mwanao,
Eliakunda


Santiago, 7 Aprili 2024

Mwanangu Kunda,

Marahaba, na marahaba tena kwa zile "salama" tatu za simu. Barua yako imetembea wiki saba. Nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni, uji ukamwagika.

Mimi ni mzima. Huku majira yameanza kubadilika, jioni kuna kibaridi, nami hukitafuta kibaridi cha Mhezi ndani yake nisikipate. Huku ni kikavu, hakina harufu ya moshi wala majani mabichi. Msalimie kaka Anold na wifi yangu. Mama nimeongea naye Jumapili, ananiambia yeye ni mzima kama jiwe.

Sasa swali la mwalimu wako. Galaksi ni kusanyiko la nyota kwa mabilioni, pamoja na gesi na vumbi. Watu wengi hudhani nyota huzaliwa kwenye joto, kumbe huzaliwa kwenye baridi kali. Gesi inapopoa hutulia, ikitulia hujikusanya, uzito wake wenyewe unaikandamiza mpaka inawaka. Galaksi ninazozichunguza zamani tulidhani zimeishiwa gesi. Nyingine ni kweli. Lakini nyingine gesi imezizunguka tele, ila ina joto, inachafuka, haishuki. Katikati pana shimo jeusi linaloichochea kila inapotaka kutulia. Ni kama ndiva yetu ya Mhezi, lile bwawa la kumwagilia, imejaa maji usiku kucha, asubuhi wenye zamu wamekuja na majembe, na mlango haufunguki. Maji yapo. Mahindi yanakauka.

Tunajuaje kama imeacha? Kwa rangi. Nyota kubwa changa ni za buluu na hazikai sana. Ukiona galaksi imebaki na wekundu tu, ujue muda mrefu hakuna aliyezaliwa. Nyumba yenye mtoto mchanga si utaijua kwa nepi kambani? Mimi natafuta nyumba zisizo na nepi, halafu nauliza tangu lini.

Bado mnacheza mchezo wa Kilimia? Mama alikuwa anatutoa nje baada ya kula, mimi na Anold, anatuonyesha kile kifungu cha nyota, wale aliowaita watoto wake, na kutuuliza tunaona ngapi. Yeye saba, Anold sita, mimi tisa, na Anold analia kwamba nimeongeza. Zile nyota zilizaliwa pamoja, Kunda, kutoka wingu moja. Nilikuja kulijua hilo nikiwa na miaka ishirini na mbili, darasani, nikaona haya kwa kutaka kulia.

Sijafika nyumbani tangu mazishi ya baba, mwaka 2019. Kila mwaka nasema mwaka huu. Niandikie.

Shangazi yako,
Beatha


Mhezi, 16 Juni 2024
(Hii sikuituma.)

Shangazi, shikamoo.

Leo sisalimii sana. Bibi haoni.

Nimefika likizo Ijumaa. Nilimkuta amekaa mlangoni, nikasema "Shikamoo bibi," akaitikia huku anaangalia mti. Baba ananiambia walimpeleka hospitali Moshi mwezi Aprili. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha kabisa, wala halirudi. La kulia limebaki na tundu katikati, kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi. Daktari amesema nalo litaziba, pengine miezi, pengine mwaka. Ana dawa ya matone na mama ndiye anayemtilia.

Bibi anafanya mzaha. Alinishika kidevu, akakizungusha kichwa changu polepole mpaka pua yangu ikaingia kwenye lile tundu, akasema, "Sasa nami nina darubini kama Beatha."

Jana tulikuwa tunapukuchua mahindi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kitu kimoja tu, Kunda. Nataka nimwone Beatha uso wake kabla hili jingine halijazima."

Nikasema, "Basi tumwambie aje."

Akaacha kupukuchua. "Nani amwambie? Aliye mbali hatwishwi mzigo ambao hana pa kuutua. Kwetu ugonjwa husimuliwa ukishapona."

"Lakini huu haponi mtu, bibi."

"Basi hausimuliwi."

Hata wewe unajua, shangazi, ndivyo tulivyolelewa. Babu alipovunjika mguu wewe uliambiwa alipoanza kutembea. Baba ameapishwa, mama ameapishwa, na mimi nikaitikia "ndiyo bibi," maana mimi kazi yangu ni kuitikia.

Naikunja hii. Naiweka chini ya nguo kwenye sanduku langu la bati.


Mhezi, 20 Juni 2024

Kwako shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimeipata barua yako, asante sana. Sisi hatujambo, baridi imeshika, asubuhi ukungu wa mlima Shengena unaingia mpaka jikoni. Baba na mama wazima. Bibi mzima, anakusalimu.

Mwalimu Yahaya aliisoma sehemu ya nepi mbele ya darasa. Sasa Simaloi ananiita Nepi. Nilimuuliza kuhusu Kilimia, akasema kwao wanahesabu nyota sita. Nilipomwambia bibi yangu anaona saba akasema, "Ajabu ya mwaka, Mpare ameongeza kitu!"

Nilitaka kukuuliza, ile gesi ambayo ipo lakini haishuki: kuna siku huwa inashuka? Au ikishachelewa ndiyo basi? Mimi kuna wakati najisikia hivyo nikishika kalamu. Maneno yapo ila hayashuki.

Bibi anauliza Krismasi utakuja. Yaani hajauliza. Mimi ndiye ninayeuliza.

Mwanao,
Eliakunda


Santiago, 11 Agosti 2024

Mpendwa Nepi,

(Mwambie Simaloi jina nimelipenda.) Marahaba. Mimi ni mzima, nimechoka kidogo kwa kufundisha. Nimefurahi kusikia nyumbani wote wazima.

Nina habari, sijui niziite njema au mbaya. Kila mwaka watu mamia tunaiomba darubini ile kubwa ya mlimani, yenye kioo cha mita nane, na wengi hunyimwa. Mimi nimenyimwa miaka mitatu mfululizo. Safari hii nimepewa siku nne za Desemba, wiki moja kabla ya Krismasi. Ni kwa ajili ya galaksi zangu kumi na mbili zilizoacha kuzaa. Nikikosa hizo siku, sipangiwi tena mpaka mwaka ukatike, na vijana wawili ninaowasimamia watakosa cha kuandika.

Nami nilikuwa nimeshaangalia ndege ya kuja nyumbani Desemba.

Sasa nisikilize. Jumapili mama nilimwona mpole mno kwenye simu. Nilimuuliza kama anaumwa, akanicheka. Nilimwambia tupige simu ya picha kwa simu ya Anold, akasema mtandao wa Mhezi ni wa kuwakejeli watu. Kwa hiyo nakuuliza wewe, kwa sababu wewe huandika usichoweza kusema. Mama yukoje? Kama kuna lolote, hata dogo, niandikie neno moja tu, "njoo." Naziachia zile siku nne na kuja. Nakuapia.

Na gesi: ndiyo, mara chache hushuka. Tumeziona galaksi mbili tatu zilizonyamaza muda mrefu, zikapoa, zikaanza tena kidogo pembeni. Si kama zamani. Lakini zilianza.

Wako,
Shangazi Beatha


Same, 6 Oktoba 2024

Kwako shangazi,

Shikamoo. Hongera sana kwa siku nne. Mwalimu Yahaya amenipa mkono kana kwamba ni mimi niliyepewa. Sisi wazima. Mitihani ya mkoa imepita, fizikia nimepata B.

Kuhusu bibi usiwe na wasiwasi. Bibi ni mzima. Anapalilia mwenyewe, anakwenda kanisani mwenyewe, juzi ametunga uzi kwenye sindano mwenyewe bila miwani. Upole ni umri tu. Anasema fanya kazi yako, nyumbani pako palepale.

Nimeandika haraka, kengele imelia.

Eliakunda


Mlimani, 19 Desemba 2024

Mwanangu Kunda,

Nakuandikia kutoka kitandani, mchana, pazia nene zimefungwa. Sisi popo ndiyo kwanza tunalala. Natumaini mko nyumbani wote, mmeshachinja, na mama amekaa kwenye kiti chake anawaamrisha.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Niliiweka mfukoni nikapanda nayo huku. Ile sindano ndiyo iliyonituliza. Nikasema, mtu anayetunga uzi bila miwani ni mzima kuliko mimi.

Siku tatu zimepita na zote anga lilikuwa safi, halina hata unyoya wa wingu. Galaksi kumi na mbili, tayari nimezipata tisa. Katika moja kuna kitu cha buluu pembeni. Kidogo sana. Sitaki kusema neno bado.

Jana kabla ya kazi nilitoka nje nikakitafuta Kilimia. Huku kimeelekea kaskazini, kimeinama, kama mtu anayefunga kiatu. Nilihesabu kwa macho matupu nikapata tano. Nikapepesa, tano. Mwambie mama binti yake mwenye nyota tisa amebaki na tano, acheke.

Kwenye bahasha kubwa niliyoituma mapema, kabla ya kupanda huku, mtakuta picha ya ukutani. Ni galaksi yangu ya kwanza kabisa, niliyoandikia tasnifu. Mama ataiona akiwa palepale kwenye kiti. Niandikie amesema nini.

Krismasi njema,
Beatha


Mhezi, 2 Januari 2025

Shangazi Beatha,

Shikamoo. Mwaka mpya umetukuta tuko hai, namshukuru Mungu, lakini hapo ndipo salamu zinapoishia.

Nilikudanganya. Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine ya mwezi wa sita ambayo sikuituma. Isome hiyo kwanza, halafu urudi hapa.

Barua yako ya Agosti niliipata siku ya kutembelewa. Baba alikuja na bibi mpaka shuleni, bibi ameshika bega langu kwenye zile ngazi, nami nikawa natembea polepole makusudi ili wasichana wadhani ni mapenzi tu. Tulikaa chini ya ukuta wa bweni. Nilimsomea barua yako yote. Nilipofika pale pa neno "njoo" bibi akasema, "Rudia." Nikarudia. Akachezea pindo la khanga. Halafu akasema, "Andika hivi." Ile sindano ni ya kwake, shangazi. Mimi nilitaka kuandika la kanisani tu. Akasema, "Hapana, weka na sindano. Beatha haamini kitu mpaka apewe ushahidi."

Baba alikuwa anaangalia pembeni. Nilimwangalia ili aseme. Akakohoa tu. Nami kalamu ilikuwa yangu. Neno lenyewe lilikuwa na herufi nne tu. Usiku kitandani nililiandika mkononi kwa kidole. Asubuhi nikaipeleka ile nyingine kwa matroni.

Sasa nikueleze la juzi. Tarehe thelathini na moja, kabla ya kwenda ibada ya kufunga mwaka, tulikaa barazani baada ya makande. Baba mdogo na wanawe walikuwepo. Ukungu ulikuwa umeshuka, hata zizi hatulioni. Bibi kajifunika blanketi lake. Akainua uso, akauelekeza palepale panapokaa Kilimia mwezi wa kumi na mbili, akasema kwa furaha, "Leo kimetoka vizuri. Saba. Wote wapo."

Blessing wa baba mdogo, ana miaka sita, akasema, "Bibi, mbona hakuna kitu? Kuna moshi tu."

Baba akamwambia, "Nyamaza wewe."

Bibi akabaki ameinua uso. Akauliza, "Kuna ukungu?" Baba akasema, "Kidogo tu, mama." Bibi akasema, "Mm." Akavuta blanketi.

Kwa hiyo ndivyo tulivyojua. Hata lile tundu limeziba, sijui ni lini, wiki iliyopita au mwezi, na hakumwambia mtu. Tulimficha yeye kwako, na yeye akatuficha sisi.

Picha yako imefika leo asubuhi. Aliipokea mwenyewe, akaipapasa kwa viganja vyote viwili, akasema, "Laini." Akaomba misumari. Akaipigilia mwenyewe ukutani juu ya kiti chake, wala hakujigonga. Ameipigilia imegeuka, shangazi. Galaksi imetazama ukuta, na sisi tunaangalia karatasi nyeupe. Mama alitaka kuigeuza, baba akasema, "Mwacheni."

Sijui kama herufi nne bado zina kazi. Naziandika hata hivyo.

Njoo.

Eliakunda


Santiago, 23 Februari 2025

Kunda,

Marahaba. Barua yako ilifika chuoni wakati nimesafiri, ikanisubiri mezani wiki mbili. Hata hapo nilichelewa.

Siku mbili za kwanza nilikuwa na hasira na wewe. Nakwambia ili usije ukahisi nakuficha. Nilitembea mjini nikikugombeza kwa Kipare, watu wananipisha. Siku ya tatu hasira ikageuka ikanitazama mimi.

Sikiliza. Mwaka 2019, siku ya pili baada ya kumzika baba, mama alinimiminia chai pembeni ya kikombe. Chai ikatembea mezani mpaka kwenye gauni langu. Akasema ni machozi yamemziba. Nikamwona pia anageuza kichwa kizima ili anitazame, kama kuku. Niliona, Kunda. Kazi yangu ni kuona. Nikashuka Same, nikamnunulia miwani ya kusomea, nikapanda ndege.

Na Agosti sikumuuliza Anold. Anold akiulizwa wazi hawezi kudanganya, hukohoa. Simu yake ninayo, ningempigia ndani ya dakika moja. Badala yake nilimuuliza kwa barua inayotembea mwezi na nusu mtoto ambaye hajawahi kumkatalia bibi yake kitu. Nilijua nitajibiwa nini. Nadhani ndiyo maana nilikuuliza wewe. Ule uongo mliuandika wawili, lakini aliyeuagiza ni mimi.

Zile siku nne zote anga lilikuwa safi. Natamani kungekuwa na mawingu, ningepata cha kulaumu. Galaksi zote kumi na mbili ninazo. Ile yenye buluu pembeni ni kweli, inazaa tena. Wenzangu wamenikumbatia. Nilikuwa nawaza jicho la mama, kama mwezi ule wa Desemba, wakati mimi nahesabu nyota tano na kucheka, lilikuwa bado na tundu. Kama ningekuwa barazani. Kama angenizungusha kichwa mpaka pua ikaingia. Sijui, wala hakuna chombo cha kunijulisha.

Nimekata tiketi. Nafika Pasaka. Anold nimempigia, alikohoa, halafu alilia. Mama hajui. Usimwambie. Ona, hata mimi naendeleza.

Beatha


Mhezi, 22 Juni 2025

Kwako shangazi Beatha,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na wanafunzi wako hawakuharibu kitu. Sisi tunaendelea. Mahindi ya mteremkoni yamekubali, zamu yetu ya maji kwenye ndiva ni Jumanne. Nimepewa ruhusa ya siku tano kabla ya mitihani ya majaribio. Fizikia bado B, lakini ni B iliyonenepa.

Naona haya kwamba ulipokuwa hapa hatukuongea. Siku mbili tulikaa jikoni tunachambua maharage, wewe unasema "hili limeoza," mimi nasema "ndiyo." Baada ya barua zote zile! Nilitaka kukuomba msamaha, na nilikuwa nimejiandaa kwa sentensi nzima. Nilipofungua mdomo nikakuuliza kama Chile kuna maharage.

Kuna kitu hukijui. Ulipoingia chumbani kwa bibi ile Ijumaa Kuu mimi nilikuwa nyuma ya mlango na ndoo. Niliona ulivyosimama mbele ya ile karatasi nyeupe. Nikadhani utaigeuza. Hukuigeuza. Ulikaa sakafuni mbele ya kiti, bibi akasema, "Nani?" Ukachukua mikono yake ukajiwekea usoni.

Alikusoma muda mrefu. Paji la uso, macho, hapa chini ya macho, pembeni mwa mdomo. Kisha akasema, "Beatha. Umezeeka. Hukuniambia."

Ukasema, "Nawe hukuniambia, mama."

Akasema, "Mimi ni mama yako."

Kana kwamba hilo linamaliza kesi. Ukaanza kucheka, halafu haikuwa kucheka tena. Niliondoka na ndoo yangu. Nimekuwa naifikiria hiyo kila siku. Kwamba alikuona, lakini si kile alichokuwa amekiomba. Alitaka uso wako aujue kwa macho mara moja ya mwisho, na mara hiyo ilikuwepo, ilikuwa mfukoni mwangu, herufi nne. Unasema aliyeagiza ni wewe. Bibi anasema ni yeye. Baba anakohoa. Kila mtu anaivutia kwake, na mimi sehemu yangu naomba mniachie, usiniondolee hata kwa upendo.

Tangu uondoke anaongea kuhusu galaksi. Anawaambia watu wa usharika kwamba ile yake ya ukutani ni nyekundu, haina nepi, lakini ipo nyingine imepata mtoto uzeeni. Wageni wanaitazama karatasi nyeupe, wanasema, "Ni kweli, bibi Victoria, nyekundu kabisa." Nimemwambia imegeuka. Nilimwambia mwenyewe, juzi, sikumsubiri baba. Akasema, "Najua. Nilisikia Dorkas mama yako alivyovuta pumzi siku ile. Iacheni, ukuta nao uone."

Leo alfajiri aliniamsha. Alisema Kilimia kimekwisha kujificha, sasa kitakuwa kimerudi upande wa mapambazuko, nitoke nikaangalie. Nikajitupia khanga nikatoka. Alikuja nyuma yangu anapapasa ukuta, akasimama mlangoni.

"Haya. Ngapi?"

Shangazi, ukungu ulikuwa umejaa mpaka kwenye kizingiti. Sikuona hata mgomba. Nilijua anachotaka kusikia na nilijua jinsi lilivyo rahisi, neno moja tu na lenyewe lina herufi nne.

Nikasema, "Sioni kitu, bibi. Kuna ukungu."

Nikasikia jogoo wa jirani, nikasikia na pumzi zake. Nikafikiri nimemuumiza.

Kisha akasema, "Mwingi?"

"Mwingi sana."

"Basi saba wapo nyuma yake," akasema. "Ingia ndani, utapata baridi."

Akageuka, akarudi na ukuta wake. Mimi nilibaki nje kidogo, nimeinua uso.

Mwanao,
Eliakunda